Mstari uliopotea: historia fupi ya mikato

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na sababu yenyewe ni ya aibu kidogo: programu niliyoiandika ilipoteza mpaka wa shamba la watu. Leo nataka kuwaeleza jinsi ilivyotokea, kisha tuzunguke nyuma miaka karibu 400, kwa sababu kosa langu lina ukoo mrefu na watu waliolitenda au kulikwepa kabla yangu ni mashuhuri kuniliko.

Mteja wangu ni bwana mmoja anayezisaidia familia kupanga makaratasi ya ardhi kabla ya kwenda kwa mpima. Alitaka programu ndogo: unaipa namba za kila jiwe la mpaka, inachora ramani kwenye kivinjari, unachapisha, basi. Nikaiandika kwa JavaScript, nikaijaribu kwa mashamba matano ya kubuni, ikachora vizuri, nikalipwa.

Shamba la kwanza la kweli lilikuwa upande wa Machakos. Mwenyewe alikuwa amefariki na lilikuwa linagawanywa mara mbili: kipande cha mwana mkubwa, na kipande cha mjane wa mwana mdogo. Siku ya kikao karatasi zikagawiwa kila mtu yake. Mpaka wa nje ulionekana wote, pembe zote sawasawa. Mstari wa katikati, ule ambao watu wote walikuwa wamekuja kwa ajili yake, haukuwepo. Kwenye karatasi shamba lilikuwa moja. Mjane akaitazama, akaigeuza, akauliza, "Na mimi hapa niko wapi?" Kaka mkubwa, sijui kwa utani au vipi, akajibu kwamba kompyuta haidanganyi.

Jioni ile nikapigiwa simu. "Kijana, umenitia matatani. Mstari umeenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Programu haikuwa imelalamika. Hakukuwa na ujumbe wa hitilafu, hakuna rangi nyekundu, hakuna chochote. Nilikesha nikiitafuta, na saa nane za usiku nikaikuta hitilafu mahali ambapo sikutarajia, yaani ndani ya hesabu ya kidato cha pili.

Kidato cha pili, kwa ufupi

Kwa waliosahau. Tuna mihimili miwili: wa x umelala, wa y umesimama. Mstari ulionyooka ukipita kwenye karatasi hiyo, mara nyingi utaikata mihimili yote miwili. Pale unapokata ndipo tunapaita mkato. Swali la mtihani huwa ni hili: umepewa mlinganyo, tafuta mikato.

Chukua 3x + 4y = 24. Nukta yoyote iliyo juu ya mhimili wa x haijapanda wala kushuka, kwa hiyo y yake ni sifuri. Weka y = 0, unabaki na 3x = 24, x = 8. Mstari unaukata mhimili wa x penye (8, 0). Sasa geuza. Nukta iliyo juu ya mhimili wa y haijaenda kulia wala kushoto, x yake ni sifuri. Weka x = 0, unabaki na 4y = 24, y = 6. Mkato wa pili ni (0, 6). Unganisha nukta hizo mbili kwa rula na mstari wako umekamilika.

Wengi hukosea kwa kuweka x = 0 wanapotafuta mkato wa x. Jina linawavuta huko. Mimi mwenyewe nimewahi kupoteza alama hapo. Dawa yake ni kuufunika kwa kidole ule mkia usiouhitaji: ukitaka mkato wa x, funika 4y, utaona 3x = 24 peke yake.

Mlinganyo huohuo unaweza kuvaa nguo tatu. Ya kwanza ni hii tuliyoianza nayo, 3x + 4y = 24. Ya pili ni y = −¾x + 6, ile maarufu ya y = mx + c, ambapo m ni mteremko na c ni mkato wa y uliokaa wazi bila kuutafuta. Ya tatu ni x/8 + y/6 = 1, ambapo mikato yote miwili inasomeka moja kwa moja. Mwalimu alitufundisha zote tatu, akasema ni kitu kimoja, tuchague tunayoipenda.

Mimi niliipenda ya pili. Nani hakuipenda? Ndiyo niliyoiweka kwenye programu. Nilihitaji kujua kila mpaka unakata wapi kingo za karatasi ili nichore sehemu inayoonekana tu, na hiyo si kitu kingine ila kutafuta mikato, isipokuwa mihimili imesogezwa hadi pembezoni mwa ukurasa. Kwa kila mpaka programu ilitafuta m, ikatafuta c, ikaendelea.

Sasa tazama mpaka wa wale wawili. Jiwe moja lilikuwa upande wa kusini, jingine upande wa kaskazini, na namba zao za mashariki zilikuwa zilezile hadi sentimita ya mwisho. Mstari ulisimama wima kabisa. Mteremko ni badiliko la y kugawanywa kwa badiliko la x, na badiliko la x lilikuwa sifuri. Mstari wa namna hiyo hauna m. Hauna c pia, kwa sababu unakwenda sambamba na mhimili wa y na hautaukata kamwe. Kwa macho ya y = mx + c, mpaka wa yule mama si mstari.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: ni nani aliyetupa mlinganyo usioweza kuusema mstari uliosimama?

Mwanasheria wa Toulouse na mwanafalsafa wa Leiden

Tuanze na Pierre de Fermat. Kazi yake ilikuwa ya sheria, katika mahakama kuu ya Toulouse, kusini mwa Ufaransa, na hesabu alizifanya pembeni. Mnamo 1636 hivi aliandika kijitabu kifupi kwa Kilatini kuhusu nukta zinazotembea kwa kufuata mlinganyo. Kilisomwa na marafiki kwa nakala za mkono. Kilichapishwa 1679, miaka 14 baada ya kifo chake.

Ndani yake Fermat anasema jambo ambalo leo tunalichukulia la kawaida: mlinganyo wenye namba mbili zisizojulikana, ambazo hazijazidishwa zenyewe kwa zenyewe, ni mstari ulionyooka. Hakutumia x na y. Alitumia herufi kubwa za irabu, A na E, kwa visivyojulikana, na konsonanti kwa vinavyojulikana. Mfano wake wa kwanza ni mstari unaoanzia kwenye nukta ya mwanzo. Wa pili, tukiuandika kwa herufi zetu, ni Z − Dx = By. Na ili auchore anafanya nini? Anatafuta urefu R ambao ukizidishwa kwa D unatoa Z, kisha anaupima urefu huo kutoka mwanzo na kuweka nukta.

Umeona? R ni Z kugawanywa kwa D, yaani thamani ya x pale y inapokuwa sifuri. Katika moja ya maandishi ya kwanza kabisa kuhusu mlinganyo wa mstari, hatua ya kuuchora ni kutafuta mkato wa x. Swali la mtihani wa kidato cha pili ni la zamani kama somo lenyewe.

Mwaka 1637 René Descartes, Mfaransa aliyeishi Uholanzi, alichapisha mjini Leiden kitabu chake cha falsafa chenye viambatisho vitatu. Kimoja ni *La Géométrie*. Huko ndiko tulikopata desturi ya kuandika visivyojulikana kwa x, y, z na vinavyojulikana kwa a, b, c. Kuna hadithi kwamba aliwaza haya akiwa kitandani akimtazama nzi darini. Ni tamu, ila haina ushahidi. Na ukikifungua kitabu chenyewe utashangaa, kwa sababu ile misalaba ya mihimili miwili tunayomwekea jina lake haimo. Ana mstari mmoja wa kupimia, na vipimo vinavyoinuka kutoka kwake kwa pembe fulani. Namba hasi, yaani zilizo chini ya sifuri, hazina makao kwenye mchoro wake. Fermat pia alikuwa hivyo.

Hilo lina matokeo. Kama herufi zinasimama kwa urefu wa kweli tu, mstari unaopanda na mstari unaoshuka haviwezi kuwa mlinganyo mmoja. Mholanzi Jan de Witt aliandika kitabu kizuri juu ya mistari na mikunjo, kikatoka 1661 ndani ya tafsiri ya Kilatini ya kazi ya Descartes iliyoandaliwa na Frans van Schooten. De Witt anaupanga mstari kwa hali moja moja: mteremko peke yake, mteremko jumlisha c, mteremko toa c, na c toa mteremko. Huyo ni babu wa y = mx + c, ila amekuja na ndugu zake wote kwa sababu hawezi kuiruhusu herufi moja iwe chanya leo na hasi kesho.

Niliposoma hayo nilicheka, maana ndivyo tunavyoandika programu tukiwa na haraka. Kama hivi, fanya hivi. Kama vile, fanya vile. De Witt alikuwa na udhuru, kitabu chake kilipotoka alikuwa kiongozi wa serikali ya Uholanzi. Mwisho wake ulikuwa mbaya: kundi la watu lilimuua yeye na kaka yake mjini The Hague mwaka 1672.

Isaac Newton ndiye aliyeizoesha mihimili miwili na pande zake zote nne, chanya na hasi, katika kazi yake juu ya mikunjo ya daraja la tatu iliyochapishwa 1704. Mwishoni mwa karne hiyo ya 18, huko Paris, Gaspard Monge na mwanafunzi wake Sylvestre Lacroix waliuingiza mlinganyo wa mstari kwenye masomo kwa utaratibu tunaoujua. Kabla ya hapo mstari ulionekana rahisi mno kustahili sura yake. Herufi m ya mteremko imo kwenye kitabu cha George Salmon wa Dublin cha 1848, aliyeandika y = mx + b. Wamarekani wamebaki na b. Sisi tuliopitia mitihani yenye asili ya Uingereza tukapata c.

Kwa hiyo mlinganyo wetu mpendwa ulitengenezwa na watu waliokuwa na mhimili mmoja wa kupimia na y inayoinuka kutoka kwake. Ukipima hivyo, ni kawaida kuuliza "nikifika hapa, y ni ngapi?" Mstari uliosimama wima hauwezi kulijibu swali hilo. Una y zote kwa x moja.

Mkato ulio mbali kuliko mwezi

Mtu atasema: mistari iliyosimama wima kabisa ni michache, weka hali moja ya pekee, ulale. Nami nilifikiri hivyo usiku ule, hadi nilipoujaribu mpaka ambao karibu unasimama.

Ramani zetu nyingi hutumia mfumo wa UTM, unaoipima nchi kwa mita. Machakos iko kanda ya 37 kusini. Jiwe la mpaka huko linaweza kuwa na namba kama 306,000 kwa mashariki na 9,832,000 kwa kaskazini. Sifuri ya mashariki iko kilomita 500 magharibi mwa longitudo 39, yaani mhimili wa y unapita magharibi kidogo ya jiji la Kisumu. Sifuri ya kaskazini iko kilomita 10,000 kusini mwa ikweta. Mhimili wa x wa shamba la Machakos, ukiufuata kwa hesabu, uko Ncha ya Kusini ya dunia!

Sasa chukua mpaka wa mita 100 unaokwenda kaskazini na kuinama kwa sentimita 5 tu kuelekea mashariki. Mteremko wake ni 100 kugawanywa kwa 0.05, yaani 2,000. Mkato wa y ni 9,832,000 toa 2,000 mara 306,000. Piga hesabu: −602,168,000. Hizo ni mita. Ni zaidi ya kilomita 600,000 kutoka kwenye jiwe. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka hapa. Ili kuchora mpaka ambao unaweza kumrushia mtu jiwe upande wa pili, programu yangu ilikuwa inakwenda kwanza kuweka alama nyuma ya mwezi, kisha inarudi.

Na kompyuta ina nafasi za tarakimu zinazohesabika. Ukiibebesha namba kubwa namna hiyo kisha uitoe kutoka nyingine kubwa ili upate ndogo, tarakimu za mwisho ndizo zinazoumia.

Na kwa nini programu haikulalamika mpaka uliposimama wima? Namba za JavaScript zinafuata kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, ambacho William Kahan alikuwa mhandisi wake mkuu. Kiwango hicho kinasema namba isiyo sifuri ikigawanywa kwa sifuri itoe alama ya "isiyo na mwisho", na kazi iendelee. Kwa hiyo m ikawa isiyo na mwisho. c nayo ikawa isiyo na mwisho, upande wa hasi. Nikitafuta y, programu inajumlisha isiyo na mwisho chanya na isiyo na mwisho hasi, na jibu lake kwa mujibu wa kiwango ni NaN, yaani "si namba". Kivinjari kikiambiwa kichore mstari hadi mahali ambapo si namba, kinanyamaza na kupita. Python ingesimama na kupiga kelele. JavaScript ilikuwa na adabu mno.

Siilaumu. Kiwango kilifanya kilichoandikwa. Mimi ndiye niliyeuliza swali lisilo na jibu.

Waliogeuza mkato juu chini

Kumbe tiba ilikuwepo tangu karne ya 19. Mwaka 1827 August Ferdinand Möbius, na miaka michache baadaye Julius Plücker, wote Wajerumani, walifungua njia ya kuvitaja vitu vya jiometri kwa namba zenye uwiano. Plücker alisema: kama nukta inatambulishwa kwa namba mbili, kwa nini mstari usitambulishwe hivyo pia? Akaandika ux + vy + 1 = 0, na u na v zikawa ndizo jina la mstari. Tafuta mikato yake: weka y = 0, x ni −1/u. Weka x = 0, y ni −1/v. Yaani u na v ni mikato iliyopinduliwa, moja chini ya mkato, na ishara imegeuzwa.

Faida yake? Mkato unapokwenda mbali, tuseme nyuma ya mwezi, kilichopinduliwa kinakaribia sifuri taratibu. Mkato usipokuwepo kabisa, kinakuwa sifuri kamili. Sifuri ni namba ya kawaida. Kompyuta inaipenda.

Wachunguzi wa mawe walifika palepale kwa njia yao. William Hallowes Miller wa Cambridge, kwenye kitabu chake cha 1839 kuhusu fuwele, aliupa kila uso wa fuwele majina ya namba tatu yanayotokana na mikato ya uso huo kwenye mihimili mitatu, iliyopinduliwa. Uso unaokwenda sambamba na mhimili unapata sifuri hapo. Fahirisi za Miller zinatumika hadi leo. Vipande vya silikoni vinavyotengenezewa chipu za kompyuta na simu yako hutajwa kwa namba hizo, kama 100 au 111.

Bado kuna shimo moja. Mstari unaopita kwenye nukta ya mwanzo una mikato miwili ya sifuri, na sifuri haipinduliki. Dawa ni kuiachilia ile 1 nayo iwe herufi: ux + vy + w = 0. Namba tatu badala ya mbili, na mistari yote inaingia: iliyolala, iliyosimama, inayopita katikati. Ukiitazama vizuri ni ile nguo ya kwanza ya mwalimu wangu, 3x + 4y = 24, tuliyoiona ya kishamba.

Hata wakubwa walijikwaa

Nisije nikaonekana najitia msiba peke yangu, hiki hapa kisa cha mwisho. Mwaka 1952 Donald Glaser alibuni chombo cha mapovu ambacho chembe ndogo kuliko atomu zikipita huacha njia za mapovu zinazoweza kupigwa picha. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Maabara zikafurika picha, na macho ya watu hayakutosha kuzisoma. Mmarekani Paul Hough akabuni mashine ya kuitafuta mistari kwenye picha hizo, akapewa hataza mnamo Desemba 1962.

Wazo lake ni zuri sana. Mistari yote inayoweza kupita kwenye nukta moja (x, y) inafuata c = y − mx. Ukichora m na c kwenye karatasi nyingine, nukta moja ya picha inakuwa mstari mzima huko. Nukta mia zilizo kwenye mstari mmoja wa picha zinakuwa mistari mia inayokatana mahali pamoja. Pale inapokatana pengi ndipo penye mstari wa kweli. Ni kama kila nukta inapiga kura.

Lakini tazama alichokitumia: mteremko na mkato. Mistari ya picha ikisimama, m na c zinakimbia bila mpaka, na karatasi ya kuhesabia kura haitoshi. Miaka 10 baadaye, 1972, Richard Duda na Peter Hart wa taasisi ya utafiti ya Stanford, California, walichapisha njia nyingine: mstari utambulishwe kwa pembe, na kwa umbali wake mfupi kabisa kutoka kwenye nukta ya mwanzo. Pembe ina mwisho wake, na umbali hauzidi ukubwa wa picha. Hilo ndilo toleo ambalo programu za kuona kwa kompyuta zimelirithi, zinazotafuta mistari ya barabara au kingo za karatasi uliyoipiga picha kwa simu.

Mstari ulivyorudi

Marekebisho yangu yalikuwa mafupi. Ukiwa na mawe mawili, (x₁, y₁) na (x₂, y₂), weka a = y₂ − y₁, b = x₁ − x₂, na c = a·x₁ + b·y₁. Mlinganyo ni ax + by = c. Umeona hakuna kugawanya popote? Jaribu kwa (8, 0) na (0, 6): a = 6, b = 8, c = 48. Mkato wa x ni 48/6, yaani 8. Wa y ni 48/8, yaani 6. Kisha jaribu kwa (5, 0) na (5, 100): a = 100, b = 0, c = 500. Mkato wa x ni 5. Kwa y, b ni sifuri, na programu inajibu kwamba mstari huu hauukati mhimili wa y. Hilo ni jibu, tena sahihi, na mstari unachorwa.

Pia nilihamisha nukta ya mwanzo kutoka Ncha ya Kusini hadi kwenye jiwe la kwanza la shamba, ili namba zote ziwe ndogo. Na niliongeza jambo moja ambalo halimo kwenye hesabu: programu ikishindwa kuchora mpaka wowote, haichapishi ramani. Inasimama na kutaja mawe yanayohusika.

Mteja alichapisha upya, kikao kikaitwa tena. Niliomba kuwepo. Nilisimama nikawaeleza kwamba kosa lilikuwa langu, mpaka haujawahi kuondoka ardhini, na mawe yako palepale. Mjane aliufuata mstari kwa kidole kutoka chini hadi juu bila kusema kitu, kisha akaikunja karatasi yake akaiweka kwenye mkoba. Kaka mkubwa aliniuliza kama sasa kompyuta ina uhakika. Nilimwambia kompyuta haina uhakika wa chochote, inajibu inavyoulizwa.

Hilo ndilo nililotaka kuwaachia leo, hasa ninyi mnaoanza kuandika programu. Milinganyo mitatu ya mwalimu si kitu kimoja. y = mx + c haiijui mistari iliyosimama. x/a + y/b = 1 haiijui iliyosimama, wala iliyolala, wala inayopita kwenye nukta ya mwanzo. ax + by = c inaijua yote. Kwenye daftari tofauti hiyo ni ndogo, kwa sababu mwanafunzi ana macho na ataona mstari umesimama. Programu haina macho, na aliyeachwa nje ya mlinganyo anaachwa nje ya ramani.

Zoezi la nyumbani: tafuteni mikato ya 5x − 2y = 20, ya y = 7, na ya 2x + 3y = 0. Kila mmoja ujaribuni kwa nguo zote tatu, mtaona ipi inapasuka wapi. Tukutane tena panapo majaliwa.